Milango Sita ya Bác Thịnh

Shaka iliyoninyima usingizi kwa siku nane ilikuwa na upana wa robo tatu ya inchi. Nimeipima: ni sawa na kidole gumba changu. Ilikaa ndani ya mchoro niliouchora mwenyewe, nikaukagua mara kumi na moja, nikautuma.

Nitaifikia. Kwanza niseme kwamba nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na tisa. Sikupanga. Ofisi yetu ya Houston, ya watu watatu, imefungwa mwezi uliopita kwa sababu mwenye ofisi ametimiza miaka sabini na kusema inatosha. Masanduku yetu ya michoro na rekodi za mazungumzo yanakwenda chuoni, na nyinyi wanafunzi mtakaoyapokea mmeomba mtu awaandikie jinsi kazi ilivyokuwa ikifanyika. Mwenye ofisi alikataa, akasema yeye amestaafu. Wanjohi, mwenzangu, alisema yeye anachora, haandiki. Nikabaki mimi. Shangazi yangu anasema mtu wa umri wangu hastaafu, huyo hana kazi. Habari za kupandishwa cheo naziruka, kwa kuwa hakukuwa na cheo cha kupandia, na za mshahara naziruka kwa sababu inayofanana na hiyo.

Niliingia katika kazi hii kwa uongo mdogo. Tangazo lilitaka mtu aliyesomea usanifu majengo, awezaye kupima majengo ya Wavietnam wa Texas na kurekodi mazungumzo na wajenzi wao kuhusu nyumba, urithi na maisha ya mjini. Nilikuwa nimemaliza chuo miezi minane kabla, na nilikuwa nalala katika chumba changu cha utotoni huko Haltom City, jirani na Fort Worth, ambako baba yangu, Mzanzibari anayeendesha lori, alikuwa ameanza kuniuliza kwa upole kama nimewahi kufikiria udereva. Katika barua ya maombi niliandika kwamba nimekulia miongoni mwa Wavietnam. Kwa mtazamo wa ramani ilikuwa kweli. Uzio wetu wa nyuma ulipakana na wa familia ya Kivietnam kwa miaka kumi na minne, na katika muda huo wote tulizungumza nao mara mbili, zote kuhusu paka.

Nilifika Houston, kwa Shangazi Zuhura, ambaye anaishi Sharpstown na ni muuguzi katika kituo cha kusafisha figo. Nilikuwa na maswali arobaini na mawili ya usaili niliyoyabuni mwenyewe, pamoja na majibu yake. Mwenye ofisi, mwanamama mfupi mwenye miwani usoni na nyingine kichwani, hakuuliza hata moja.

"Una miaka mingapi?" akasema.

Hilo sikuwa nimeliandalia jibu. "Ishirini na minne," nikasema, "na miezi saba."

"Miezi haihitajiki." Akanieleza kwamba katika Kivietnam huwezi kumsemesha mtu sawasawa kabla hujajua umri wake, kwa sababu wanaitana kwa majina ya ukoo: dada, mjomba, bibi, mjukuu, hata kwa mtu mliyekutana dukani. "Mimi utaniita Cô. Cô Loan. Ni dada mdogo wa baba."

"Kwetu ni shangazi," nikasema. "Naye ana neno lake peke yake. Dada wa mama ni mwingine kabisa."

"Na ukimkosea mkubwa kwa jina?"

"Anauliza nani aliyekulea."

Cô Loan akaandika hilo kwenye kadi. Baadaye nilijifunza kwamba kuandika kwenye kadi ndiko kucheka kwake. Nilidhani bado tuko kwenye usaili. Wanjohi ndiye aliyenifahamisha saa sita mchana kwamba nilikuwa nimeanza kazi tangu saa tatu.

Wanjohi ni Mkenya aliyekulia Lewisville, Texas. Amenizidi umri kwa miaka mitatu, na hajawahi kufikiria jambo lolote mara mbili. Nilimwonea wivu tangu siku hiyo. Kitu cha kwanza alichonifundisha ni soksi.

"Hapa kila mahali unavua viatu," akaniambia. "Hekalu, nyumba, hata kuna duka moja la dawa. Soksi iki-ku-let down mara moja, hakuna mtu atakuamini na tepu."

Akanyanyua mguu kunionyesha ya kwake. Kidole kikubwa kilikuwa nje.

"Mimi wameshanizoea," akasema.

Mengine yalikuja polepole. Penseli, si kalamu, kwa kuwa unyevu wa Houston huigeuza karatasi kuwa kitambaa ifikapo saa tano. Kizingiti cha hekalu unakivuka, hukikanyagi. Leza ya kupimia ni nzuri kwa mbali, lakini ikigonga rangi ya dhahabu ya madhabahu hukupa urefu wa jengo la jirani, kwa hiyo penye dhahabu tumia tepu na uombe mtu akushikie ncha. Ukipewa chai, kunywa kabla ya kupima, maana mwenye nyumba hataanza kusema mpaka kikombe kiwe kitupu. Mimi katika mwezi wa kwanza nilikuwa nakiweka chini mara moja, kwa adabu, nikidhani kukishika muda mrefu ni uroho. Nilirudi na vipimo vizuri na rekodi za watu wakikohoa.

Jumatano ilikuwa siku ya mazungumzo. Cô Loan alialika wasanifu, maseremala, wapangaji wa miji, safari moja mwuza vigae, wote Wavietnam, wengine wakazi wa Houston na wengine waliokuwa wamekuja tu kutoka Saigon kuona wajukuu. Mimi nilishika kinasa sauti na orodha ya maswali. Nakumbuka msanifu mmoja aliyetueleza juu ya nyumba za mjini kwao, zile zenye upana wa mita nne na urefu wa mita ishirini kwenda ndani kama mrija, kwa sababu kila familia ilitaka uso wake ugusane na barabara ya biashara. Kisha akanigeukia. Hakuna aliyekuwa amewahi kunigeukia.

"Na kwenu?"

Nilisema kwamba kwetu Unguja vyumba vya nyumba za mawe ni vyembamba pia, lakini si kwa sababu ya barabara. Dari inabebwa na boriti za mikoko, na boriti ikishafika urefu wake haiongezeki kwa sababu ya tamaa ya mwenye nyumba.

Akafikiri. "Kwa hiyo ninyi mliamuliwa na mti, sisi tukaamuliwa na barabara."

"Na hapa Texas?" Wanjohi akauliza kutoka kwenye kompyuta yake.

"Hapa mmeamuliwa na maegesho ya magari," akasema mgeni, na Cô Loan akatafuta kadi.

Mwingine, mwanamume mkimya aliyekuwa amekarabati majengo mjini Huế, aliulizwa kuhusu urithi. Watu wa urithi hapa hawapendi kulitazama jengo mpaka litimize miaka hamsini, na majengo mengi tuliyoyapima yalikuwa na umri kama wangu. Yeye alisema kwao mbao zinazooza hubadilishwa moja moja, mwaka hadi mwaka, mpaka huenda isibaki hata moja ya mwanzo, na jengo bado ni lile lile.

"Sasa kilicho cha zamani hapo ni nini?" nikauliza. Lilikuwa swali langu namba kumi na saba.

"Vipimo," akasema, akajimiminia chai.

Kesi ngumu ya kwanza niliyopewa peke yangu ilikuwa fleti za hapa Sharpstown, dakika sita kwa miguu kutoka kwa Shangazi. Bibi mmoja wa Kivietnam alikuwa amehamishia jiko la gesi kwenye roshani, kwa sababu samaki wa kukaanga, alisema, hawezi kulala chumba kimoja na watu. Mikataba ya pale inakataza moto kwenye roshani. Kanuni ya ofisi inasema chora kilichopo. Nilikaa na mchoro ule kwa siku tatu nikimwona yule bibi amefukuzwa, yuko barabarani na kikaango chake, na mkononi mwa meneja kuna karatasi yenye jina langu kwenye kona ya chini.

"Cô, nichore jiko?"

"Nani ataona mchoro?"

"Sijui. Mtu yeyote."

"Basi roshani iache tupu. Kwenye rekodi mwache aseme mwenyewe, na rekodi ifungwe mpaka ahame au afe." Akavaa miwani ya kichwani juu ya ile ya usoni. "Una ruhusa ya kunyamaza, Raya. Huna ruhusa ya kuchora mbuzi pale penye jiko."

Nilidhani nimeelewa.

Kazi ya Bác Thịnh ilikuja katika mwaka wetu wa mwisho, na Cô Loan alikuwa ameshatuambia kwamba baada ya hiyo anafunga. Bác ni jina la mtu anayemzidi baba yako umri, na Bác Thịnh anamzidi baba yangu kwa miaka ishirini na mitatu. Ni seremala kutoka kijiji cha maseremala kaskazini mwa Vietnam. Nyuma ya duka la matairi kusini magharibi mwa Houston alikuwa ameujengea ukoo wake nyumba ya mababu: chumba kimoja cha mbao, chenye nafasi tatu kati ya nguzo, ya katikati ikiwa ya madhabahu, na milango sita. Kiwanja kilikuwa kinachukuliwa ili lichimbwe bwawa la kupokea maji ya mafuriko. Ukoo uliamua kuifungua nyumba kipande kipande na kuisimamisha upya Haltom City, anakoishi binti wa mzee. Nguzo na mihimili vingesafiri. Milango na miimo yake isingeweza, ilikuwa imeshaliwa na mchwa na maji. Ingetengenezwa mipya na karakana moja ya Fort Worth kwa kufuata michoro yetu, na ya zamani ingetupwa siku ile ile ya kufungua.

Siku ya kupima, mzee alitupokea akiwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Ana mtoto wa jicho machoni mote mawili, kwa hiyo anaona umbo la mtu lakini haoni namba. Alituambia kwamba kwao kila nyumba ilikuwa na ufito wake wa mwanzi. Fundi mkuu aliutia alama za vipimo vyote vya nyumba, kisha akauchomeka chini ya paa ubaki huko. Nyumba ikianguka, hata mjukuu angeweza kuijenga tena kwa kuusoma. Ufito wa nyumba hii aliuteremsha alipokuwa akibadilisha paa, akauweka gereji, na mafuriko yakaubeba.

"Sasa ufito ni wewe," akaniambia.

Sikulipenda jukumu hilo, lakini nilisema ahsante.

Mfukoni alikuwa na tepu ya chuma iliyotoka Vietnam. Juu ina namba kama tepu zote. Chini ya namba unapita mstari uliokatwa vipande, vingine vyekundu na vingine vyeusi, na kila kipande kina jina. Upana wa uwazi wa mlango ukiangukia kipande chekundu, ni heri kwa wanaopita. Ukiangukia cheusi, ni nuksi. Fundi wa kwao hafungi mlango wowote bila kuuweka kwenye chekundu. Alinipeleka kwenye mlango wa kulia akiupapasa mwimo kama mtu anayemtafuta ng'ombe wake gizani.

"Huu nilitaka uwe mpana kadiri inavyowezekana. Mke wangu alikuwa kwenye kiti cha magurudumu. Niliusogeza mpaka mwisho kabisa wa kipande cha riziki. Baada ya hapo unaanza upweke."

"Kwa nini hukuendelea mpaka chekundu kinachofuata?"

"Nguzo ilinizuia," akasema. Kwa sauti yake nilijua swali lilikuwa la kitoto.

Nilipima kwa tepu yetu ya ofisi, mvua ikinyesha, Wanjohi akipiga picha. Sasa nieleze kosa, na naomba mlisome polepole, kwa sababu halitokani na uzembe. Uzembe una mipaka.

Michoro ya kazi iliyotangulia ilikuwa imerudishwa na ofisi ya vibali kwa sababu ya sehemu za inchi zisizosomeka, na niliogopa irudishwe tena. Katika kompyuta tuna ghala la milango iliyokwisha chorwa, ya saizi za madukani. Niliazima sita iliyokaribiana na vipimo vyangu ili nipate umbo la mchoro, nikakusudia kurekebisha upana wa kila mmoja baadaye. Daftari langu lilikuwa na matope, na mimi siwezi kuhifadhi kitu chenye matope. Nikaandika nakala safi jioni ile, mchoro usiorekebishwa bado ukiwa mbele yangu, nikihakikisha kwamba daftari na mchoro vinafanana. Vilifanana. Lile chafu nikalitupa. Kila nilipokagua baada ya hapo, mara zote kumi na moja, nilikuta mchoro unakubaliana na daftari kwa asilimia mia, nikajipongeza.

Jumanne moja, michoro ikiwa tayari iko mezani kwa watu wa vibali na nakala yake iko karakana, nilikuwa naandika maelezo ya picha. Katika mojawapo Wanjohi alikuwa amenasa mkono wangu na tepu kwenye mlango wa kulia. Tepu ilisema inchi thelathini na tatu na robo. Mchoro ulisema thelathini na nne. Nilitafuta mtandaoni, kwenye picha ya tepu kama ya mzee, jina la kipande ambacho thelathini na nne inaangukia. Kilikuwa cheusi, na kilikuwa upweke.

Picha ya mlango mmoja tu ndiyo iliyoonyesha namba. Ile mitano mingine, ukweli wake ulikuwa umebaki kwenye mbao zenyewe, na mbao zilikuwa zinakwenda jalalani Ijumaa ya wiki iliyofuata. Nilikuwa na siku kumi. Zile nane za kwanza nilizitumia kufikiri.

Nilitengeneza jedwali. Nikisema, michoro inaondolewa na kazi ya mwisho ya Cô Loan inaonekana mbaya mbele ya watu wote waliomwamini kwa miaka thelathini. Saa zangu za mafunzo, ambazo bila saini yake siwezi kufanya mtihani wa leseni, zinakuwa saa za mtu aliyeghushi daftari. Nisiposema, ukoo mzima utaingia na kutoka kwa mababu zake kupitia milango niliyoichagua mimi kwenye ghala la kompyuta. Nisipoamua, Ijumaa itaamua. Safu hiyo ya tatu ndiyo niliyoirudia zaidi.

Siku ya tatu nilimwambia Wanjohi. Aliitazama picha, akautazama mchoro.

"Ni three quarters," akasema. "Umempea mzee nafasi zaidi. Anafaa kukushukuru."

"Ni kipande cheusi."

"Nani ata-notice? Mzee haoni, na wale wa Fort Worth hiyo tepu hawaijui."

"Na mitano mingine?"

"Mitano mingine hata wewe huijui. Hauwezi kuwa na guilt ya kitu haukijui, Raya. Wacha zako." Akageuza kiti. "Na kwani yule nyanya wa roshani? Jiko lake uliliacha nje ya mchoro, na ukalala."

Jibu lilinijia baada ya dakika arobaini, yeye akiwa ameshakwenda kula. Roshani niliiacha tupu, na mtu akiuona utupu anaweza kuuliza. Mlango huu ulikuwa na namba nzuri isiyouliza kitu. Nilimfuata mpaka kwenye mkahawa kumwambia hivyo. Alikubali kwamba ni hoja, akaniuliza kama nitakula zile tambi.

Siku ya sita nilimwuliza Shangazi Zuhura, kwa njia ya mbali, kama Mwislamu anayehangaikia kipimo cha bahati cha madhabahu ya watu wengine yuko katika hatari ya shirki. Alikuwa ametoka zamu, miguu iko kwenye beseni la maji ya moto.

"Nani kakwambia uamini?" akasema. "Si wameajiri upime?"

"Ndiyo, lakini kama kipimo chenyewe..."

"Mie nikimpima mtu presha simwulizi anaswali wapi. Nikiandika mia na ishirini, na kumbe ni mia na themanini, mtu atakufa ana namba nzuri." Akainua mguu mmoja, akautazama, akaurudisha majini. "Umekosea kipimo cha nani?"

"Sijasema nimekosea."

"Wewe mwanangu tangu Alhamisi unatia chumvi kwenye chai. Cha nani?"

Nikamwambia. Hakusema pole. Aliuliza milango inabomolewa lini, nikamjibu, akahesabu kwa vidole vya mkono, taratibu, akahakikisha naviona.

Jumatano asubuhi nilifika ofisini kabla ya Wanjohi. Cô Loan alikuwa anapanga vikombe vya mazungumzo ya siku hiyo. Nilikuwa nimeandika hotuba ya kurasa mbili yenye utangulizi. Niliposimama mbele yake nikaona utangulizi ni njia nyingine ya kuchelewa, nikaweka picha mezani na mchoro kando yake.

Alivaa miwani zote mbili.

"Milango mingapi?"

"Sita. Huu ndio ninaoujua."

"Daftari?"

"Nililiandika upya lifanane na mchoro. La kwanza nikalitupa."

Hapo ndipo alipokaa. "Umejua lini?"

"Jumanne ya wiki iliyopita."

"Siku nane."

"Ndiyo, Cô."

"Ulikuwa unafanya nini siku nane?"

"Nilikuwa nafikiri."

Hakugusa kadi. Nilisema kwamba nataka kuiondoa michoro kwa watu wa vibali, kwenda kupima upya leo, na kumwambia Bác Thịnh, na kwamba kama hatanisainia saa zangu nitaelewa. Nilikuwa nimepanga kuuliza. Ilitoka kama taarifa, na nilishangaa kuisikia.

"Fomu ya kuondoa iko kwenye tovuti yao," akasema. "Jina litakuwa lako. Na kwa mzee sitakupigia simu mimi."

Fomu ina nafasi moja ya sababu. Niliandika: Vipimo vya milango si vya kweli, nimekosea mimi, Raya, si ofisi. Cô Loan alisoma juu ya bega langu.

"Hawakuuliza nani."

"Najua," nikasema, nikabonyeza.

Bác Thịnh alikuwa ndani ya nyumba ya mababu, kwenye ndoo yake, akipaka nta kwenye nguzo zitakazosafiri. Nilivua viatu. Nilimwamkia kama anavyostahili, kisha nikamwambia yote, kuanzia ghala la milango mpaka daftari lililotupwa. Aliendelea kupaka nta mpaka nilipomaliza.

"Mlango upi?"

"Wa kulia. Mingine sijui. Ndiyo maana nimekuja."

"Wa kulia uliuweka wapi?"

"Kwenye cheusi."

"Kipande gani?"

Nilitamani kiwe kingine chochote. "Upweke."

Kitambaa cha nta kikasimama. "Mke wangu amefariki miaka sita sasa," akasema. "Labda ulipima vizuri."

Akacheka peke yake. Mimi sikujua kama ninaruhusiwa. Kisha akatoa ile tepu mfukoni akanipa, akasimama kwa kushika nguzo, na akaja nami mlango kwa mlango. Alinishikia ncha. Alitaka nisome rangi kwanza, namba baadaye. "Namba ni za watu wa Fort Worth," alisema. Kila mlango alinifanya niupime mara tatu, juu, katikati na chini, na kila niliposema nyekundu aliitikia kwa kichwa kama mtu anayehesabu wajukuu na kuwakuta wote wapo. Mlango wa tano ulikuwa umevimba kwa maji, chini ukisoma cheusi na juu ukisoma chekundu. Akaupapasa, akasema andika wa juu, chini ni mafuriko yanasema.

Niliandika kwa penseli. Jasho lilidondoka kwenye ukurasa, na nikauacha vivyo hivyo.

Tulipomaliza ilikuwa saa tisa na nusu mchana. Hakuniambia nifanye nini. Alirudi kwenye ndoo, na mimi nikapiga simu karakana nikiwa bado nimesimama pale pale. Mtu aliyepokea alikuwa na msumeno nyuma yake na sauti ya kufokea msumeno.

"Milango ya nyumba ya mababu," nikasema. "Ile sita. Mmeshaikata?"

"Kesho asubuhi. Mbao ziko tayari."

"Msikate. Michoro mliyo nayo ina makosa."

"Nani amesema?"

"Mimi. Ndimi niliyeichora."

Msumeno ukazimwa. Akauliza ni mlango gani wenye kosa, nikasema achukulie ni yote. Akauliza kama kuna michoro mipya, nikasema itafika Ijumaa, lakini namba ninazo hapa mkononi, zimepimwa sasa hivi, na nataka aziandike na anirudishie kila moja nisikie. Alivuta pumzi ya mtu ambaye siku yake imeharibiwa na mgeni. Nilisubiri. Alisema anatafuta kalamu.

Bác Thịnh aliinua uso kusikiliza. Nikaanza na mlango wa nyuma, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu nami.